Fundi wa miaka hamsini kila mtu anamtaka, wa kumpa mkataba haonekani

#1 Kabwe_Kwetu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nina steshenari maeneo ya Kabwe hapa Mbeya. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, kumfungulia mtu barua pepe, kumwombea kazi kwenye Ajira Portal, kumtolea namba ya malipo. Wateja wengi ni vijana waliomaliza chuo. Ila kuna kundi jingine linazidi kuongezeka pale dukani, na humu jukwaani sijaona likijadiliwa ipasavyo. Ni watu wa miaka arobaini na sita mpaka hamsini na tisa.

Mstaafu ana pa kulalamikia. Kikokotoo cha pensheni kikiguswa, bunge zima linasimama. Kijana naye ana mafungu yake: uanagenzi, programu za kukuza ujuzi, mikopo ya halmashauri. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani imegawanywa hivi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sasa chukua baba wa miaka 50, mzima wa afya, kiwanda kimempunguza mwaka jana. Anaingia fungu gani? Hakuna. Pensheni nayo hajaifikia, maana kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60.

Wanakuja na bahasha ya kaki imechakaa kwenye kona. Ndani kuna cheti cha kuzaliwa au kiapo cha mahakama, leseni, barua ya kuajiriwa ya zamani iliyopigwa kwa taipureta, na picha za pasipoti ambazo mwenyewe ni kijana kuliko anavyoonekana leo. "Mwanangu, niombee na mimi." Nafungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira, nashuka kwenye masharti ya jumla: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini Serikalini. Mazungumzo yanaishia hapo. Wengine hawaamini, wananiambia nisome tena.

Sharti lenyewe hesabu yake inajulikana. Ukiingia ukiwa na 45 na kustaafu kwa lazima ni 60, unabaki na miaka 15. Miaka 15 ni miezi 180, na miezi 180 ya michango ndiyo kiwango cha chini cha kulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo upande wa Serikali siwezi kusema wamekurupuka. Ninacholalamikia ni kwamba baada ya kuufunga ule mlango hakuna aliyefikiria mlango mwingine.

Sekta binafsi hawaandiki 45. Wanaandika "kijana mchangamfu", "awe tayari kujifunza", "umri 25 hadi 35 atapewa kipaumbele". Na hata wasipoandika, fomu yao ya kwanza inataka namba ya NIDA. Namba ile ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Mtu wa rasilimali watu anaujua umri wako kabla hajasoma jina lako. Kuna watu wananiomba niwapunguzie miaka kwenye CV. Nakataa, kwanza kwa sababu ni udanganyifu, pili kwa sababu ni kazi bure: mwaka unaoufuta juu umekaa palepale chini kwenye NIDA.

Hapo mtu anaweza kudhani nasema wazee hawatakiwi kazini. Ningekuwa nasema hivyo huu uzi ungekuwa mfupi. Ninachokiona ni kingine kabisa: wanatakiwa sana. Wanapigiwa simu usiku. Ila hakuna anayewaandika.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Rungwe alikuja kutengenezewa CV. Nikamuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, akajibu, "Nilikuwa mchochea boila." Nikaandika hivyohivyo, mstari mmoja. Ukurasa mzima mweupe. Nikaona siyo haki, nikamwambia baba hebu nieleze siku yako ilikuwaje, tangu unaingia zamu. Aliongea mpaka chai yangu ikapoa. Kiwanda cha majani ya chai kinaishi kwa mvuke, na mvuke unatoka kwenye boila ya kuni za mikaratusi. Kuni mbichi zikiingia, mvuke unashuka. Mvuke ukishuka, kikaushio kinapoa. Kikaushio kikipoa, majani yaliyoko ndani yanaiva kwa unyevu wake badala ya kukauka, na mzigo wa zamu nzima unashuka daraja mnadani. Kwa hiyo mtu wa boila anachagua kuni mwenyewe, anazigonga kwa kisigino cha shoka asikilize mlio. Anaangalia kioo cha maji kuliko anavyoangalia saa. Pampu ya maji ikianza kukohoa anaisikia kabla geji haijasogea. Na akichelewa kwenye maji, hapo tena siyo suala la chai, ni suala la watu kuondoka hai.

Tukapata kurasa mbili. Akazitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa nafanya mambo mengi hivi."

Sasa huyu mzee alipunguzwa. Msimu wa mvua unapoanza na majani yanajaa, kiwanda (sitakitaja) kinampigia. Anakwenda, anawekwa na vijana wawili awafundishe, analipwa kwa siku. Hakuna mkataba, hakuna michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Mvua zikikatika, "mzee tutakupigia". Vijana wale ndio wamepewa mikataba. Sina ugomvi nao. Ila mwalimu wao ni deiwaka!

Hesabu inayoniumiza ni hii. Michango yake NSSF iko miezi mia na hamsini na kitu. Akifika 60 bila kutimiza 180, hapati pensheni ya mwezi, anapewa mkupuo maalumu mara moja basi. Anachopungukiwa ni kama miaka miwili tu ya ajira yenye maandishi. Misimu aliyokwenda kufundisha tangu apunguzwe ingeshaziba sehemu kubwa ya pengo hilo kama wangemwandika. Kazi ameifanya, jasho limetoka, kwenye rekodi hakuna kitu.

Na mkidhani alipopunguzwa alipata donge nono: sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotumikia, lakini inahesabu miaka isiyozidi kumi. Maana yake umefanya kazi miaka 10 au miaka 25, kima cha chini kisheria kinagota kwenye siku 70. Miaka kumi na tano ya mwisho, ile ambayo ndiyo umekuwa fundi kwelikweli, haina siku hata moja hapo.

Sheria hiyohiyo inataja umri kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, na inamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa tu. Lakini nani atakwenda kuthibitisha kwamba hakuitwa kwenye usaili kwa sababu ya umri? Hukupigiwa simu, basi. Ukimya hauna ushahidi.

Nilikuwa nataka kuandika mafupi, naona yamekuwa marefu. Wenye uzoefu wa Iringa, Njombe, Songwe, karibuni tuchangie. Nikipata nafasi nitaandika na yale ninayowashauri wateja wangu.

#2 Mnyalu_wa_Mafinga

Kamwene mkuu. Umegusa mfupa.

Mimi nipo huku Mufindi kwenye mbao tangu nikiwa kijana wa kubeba mabanzi. Sasa hivi nina 53 na ninanoa misumeno. Kwa asiyejua: msumeno usiponolewa vizuri mbao inatoka ina mawimbi, upande mmoja nene upande mwingine nyembamba, mnunuzi wa Dar akipima kwa futi anakuachia mzigo. Kwa hiyo mnoaji ndiye anayeamua tajiri apate au apate hasara. Tajiri analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana ananifuata nyumbani na pikipiki.

Nikimwambia bosi tuandikishane, anacheka. "Mzee wangu, wewe na mimi tuandikishane nini tena, si tunafahamiana?"

Kule msituni kwa wenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, ndiyo kabisa. Kibali cha kuvuna kikitoka shamba la miti la Sao Hill, mashine inahamia kwenye kitalu, kambi inapigwa, watu wanalipwa kwa idadi ya mbao. Kibali kikiisha kila mtu anashika njia yake. Kijana wa miaka 22 hilo halimsumbui, ana nguvu, kesho anaruka kwingine. Mimi mgongo ukinishika siku tatu, siku tatu hizo sijala.

Kwenye viwanda vya vinia, yale mabapa membamba ya mbao, hapa mjini kuna kazi, tusidanganyane. Lakini vibarua wengi wanachaguliwa getini asubuhi. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Mwenye mvi anarukwa. Nimewaona watu wazima wanapaka piko kabla ya kwenda pale. Msicheke, ndiyo hali halisi.

#3 Hoja_Moto

Mnanichekesha. Mimi nina digrii ya pili hii ni mwaka wa ngapi niko na bodaboda Mafiati. Wazee mliajiriwa enzi kiwanda kinamfuata mtu nyumbani, mkala, mkajenga, mkasomesha. Leo mnataka na hizi chache zilizobaki? Tuachieni na sisi. Fundisheni mkapumzike shambani.

#4 Kabwe_Kwetu

Hoja_Moto, hasira yako naielewa, CV yako huenda nimeiprinti mimi.

Ila angalia hesabu yako. Huyo mzee unayemwambia akapumzike shambani, shamba lipi? Rungwe huko familia imegawana vipande mpaka mtu anabaki na migomba ya kuhesabika. Na wengi wao bado wana mtoto wa kidato cha nne au yuko chuo. Baba akikosa ajira ya kueleweka akiwa na 48, anayekatishwa masomo au kupelekwa bodaboda ni kijana, siyo mzee.

Pia usichanganye madirisha. Kazi ya mtu wa boila au mnoa misumeno hukuiomba na hungeiomba. Hizo kazi vijana hawazigombei mpaka awepo wa kuwafundisha. Ninachosema ni kwamba anayefundisha naye awe kazini kwa maandishi, hata kwa nusu siku.

Hilo la kula enzi zile nalo tulipime. Mtu mwenye 52 leo aliingia kwenye soko la ajira katikati ya miaka ya 1990, wakati viwanda vya umma vinabinafsishwa na vingine vinafungwa. Hapa Mbeya, Zana za Kilimo na kiwanda cha nguo vilikufa mbele ya macho yao. Huyo hakula kitu, alikuta sahani zinaoshwa.

#5 Lori_Makambako

Nami nije na upande wa mwajiri maana mnatusema tu.

Nina malori machache yanakwenda Tunduma na Dar. Gari likiwa na mzigo linashuka mlima Kitonga, sitaki kijana. Nataka mtu mzima ambaye anajua kushusha gia mapema akatumia injini, siyo anayekanyaga breki mpaka zinatoa moshi. Madereva wangu wote wana zaidi ya miaka 45 na sijawahi kuwabagua.

Mikataba sina, ni kweli. Nawalipa kwa safari. Kwa nini? Mzigo hautabiriki. Mwezi huu naenda safari nne, mwezi ujao gari limelala Tunduma kwenye foleni wiki nzima. Nikimwajiri kwa mshahara kuna NSSF asilimia 20, kuna WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kuna kodi ya mshahara, kuna likizo, na siku nikitaka kuachana naye natakiwa nifuate utaratibu. Mimi siyo kampuni kubwa. Halafu mtu mzima akiugua anaugua kweli, siyo mafua. Nani anabeba?

Semeni ukweli, mngekuwa nyie mngefanyaje?

#6 Mnyalu_wa_Mafinga

Lori, angalau wewe umesema wazi. Wengine wanatuita "familia".

Lakini ndugu yangu, hizo asilimia 20 siyo zako zote. Kwa kawaida nusu inakatwa kwa mfanyakazi. Na dereva wako akiumia Kitonga bila kuwa kwenye WCF, hapo ndipo utakapojua gharama ni nini.

#7 Mama_Chai

Naomba na sisi akina mama tusemewe.

Mimi nilichuma chai Mufindi miaka mingi. Tulikuwa tunalipwa kwa kilo. Mikono ya mwanamke mtu mzima inachuma vizuri kuliko ya msichana, maana inajua majani mawili na kichomozo bila kuangalia. Kisha zikaja mashine za kuchumia. Mashine inashikwa na watu wawili au zaidi, ina uzito, ina kelele, wakachukuliwa vijana wa kiume. Sisi tukaambiwa tupalilie. Halafu kupalilia kukaja dawa ya magugu.

Kwenye mikopo ya halmashauri sisi wanawake tuna fungu, ni kweli, Kabwe umesema. Ila lazima muwe kikundi, muwe na katiba, muwe na mradi wenye andiko. Kikundi chetu tumekomaa kwenye andiko. Tunaulizwa "mchanganuo wa soko". Sisi tunajua kuchuma chai na kulima viazi.

Mabinti wadogo wanatukwepa kwenye vikundi, wanasema tutawakwamisha kwenye marejesho. Na wanaume wa umri wetu wanakuja kwa siri kuuliza kama wanaweza kujificha nyuma ya jina la mke.

#8 Kabwe_Kwetu

Mama, shikamoo. Huo mchanganuo nitawaandikia, mkija mjini mnione. Siyo bure kabisa ila tutaelewana.

Naona kuna wanaouliza nawashauri nini wateja. Sina muujiza. Nachofanya ni kuwasukuma kwenye makaratasi kabla hawajachelewa, kwa sababu karatasi ndiyo inayokosekana, siyo ujuzi.

Cheti cha utumishi kwanza. Ukiondoka kazini kwa namna yoyote ile, mwajiri anatakiwa kisheria kukupa cheti kinachosema ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Kidai siku unayotoka. Usiseme nitarudi. Nina wateja ambao kiwanda chao hakipo tena, jengo ni ghala la mpunga, bosi alishafariki, mhasibu alirudi kwao. Aliyebaki kumshuhudia ni mlinzi wa zamani. Unaandika nini kwenye sehemu ya wadhamini?

Kisha nenda NSSF ukachukue taarifa ya michango yako, na uisome. Unaweza kukuta miezi ambayo ulikatwa kwenye mshahara na haikupelekwa. Ukiwa bado unatoka jasho kwa huyo mwajiri una nguvu ya kuuliza, ukishatoka unakuwa mtu wa getini. Waliobakiza miezi michache kufika 180 nawaambia waulizie kuchangia kwa hiari kama waliojiajiri. Huyu mzee wa boila ndicho anachofanya sasa hivi. Kila akilipwa hela ya msimu anakata kipande anapeleka. Anasema inauma kuliko kodi. Kwa walioachishwa karibuni, mabadiliko ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira. Masharti yake ulizeni ofisini kwao kulingana na kada yako, msisikilize ya vijiweni.

La tatu nalipenda zaidi na watu wengi hawalijui. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hukai chuo miaka. Unapimwa kwenye kazi unayoifanya: mtathmini anakuja anakuona ukifanya, anakuuliza, penye upungufu unafundishwa kidogo, unapewa cheti. Mwashi, seremala, fundi makanika, mpishi, wengi wamepita hapo. Mnyalu, wewe na misumeno yako nenda kaulizie. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "nina uzoefu" na kuweka cheti cha VETA juu ya meza, hasa anayekuhoji akiwa na miaka 27.

Na kwa Lori: sikulaumu kwa mzigo kutotabirika. Ila kati ya ajira ya kudumu na kulipwa kwa safari bila chochote kuna nafasi pana sana katikati. Mkataba ulioandikwa kwamba utamlipa kwa safari, ukamsajili NSSF na WCF, hausemi utampa mshahara mwezi ambao gari limelala. Unasema tu kwamba yupo. Madereva wako unawaamini na gari la mamilioni kwenye Kitonga, huwaamini na kurasa mbili?

#9 Reli_Iyunga

Sisi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mmetusahau.

Tangu waliposaini ule mkataba wa 2025 na Wachina wa dola bilioni 1.4 wa kufufua reli, mtaani kwetu Iyunga wazee wamefufuka kabla ya reli yenyewe. Kila mtu anatafuta kitambulisho chake cha zamani. Kuna watu walikuwa karakana ya hapa Mbeya, wanaijua injini ya treni kwa kuisikiliza ikija kutokea Mbalizi. Wanasema sasa tutaitwa.

Mimi nawaombea. Lakini ndani ya moyo najua wataitwa namna alivyoitwa yule mzee wa boila. Wiki mbili za kuwaonyesha vijana kilipo hiki na kile, asante mzee, nauli hii hapa.

#10 Hoja_Moto

Nimerudi. Sijabadili msimamo wote, ila hilo la kufundisha halafu unalipwa kama kibarua siyo haki, hapo nakubali. Mshua wangu ndivyo alivyofanywa kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji hapa mjini. Nilikuwa sijaliangalia hivyo.

Lakini mkubali na nyie, wazee wengine hawafundishi. Wanaficha. Nilifanya mafunzo kwa vitendo gereji moja Soweto ya hapa Mbeya, fundi alikuwa anageuza mgongo akifika kwenye kitu cha maana. Ukiuliza anakutuma spana.

#11 Mnyalu_wa_Mafinga

Anaficha kwa sababu anajua siku utakayojua wewe, yeye hana kazi. Ungekuwa yeye ungefundisha?

Mpe mkataba uone kama atageuza mgongo.

#12 Lori_Makambako

Kabwe, hiyo ya mkataba wa safari nimeisoma mara mbili. Una nakala? Siahidi kitu. Naangalia tu.

#13 Kabwe_Kwetu

Nitakuandalia, ila mpitishie mwanasheria au afisa kazi wa mkoa aipitie. Mimi ni mchapaji, siyo wakili.

#14 Mwana_Uyole

Ndaga fijo kwa uzi huu. Naomba msaada wa haraka.

Baba mdogo ana 54, yuko kiwanda kimoja hapa Mbeya, jina naliacha. Jumatatu waliitwa kumi na wawili, wote wa umri wake umri wake, wakaambiwa kampuni inapunguza watu. Hakuna kikao kilichofanyika kabla. Wamepewa karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya kuachishwa. Ya pili imeandikwa kwamba mfanyakazi ameridhika na hana madai yoyote, wakisaini ndipo walipwe. Yeye amesaini ya kwanza kwamba ameipokea. Ya pili bado iko nyumbani. Bosi amesema mwisho ni Ijumaa. Shangazi anasema asaini achukue hela, ada ya mtoto inadaiwa. Tufanyeje?

#15 Kabwe_Kwetu

Asisaini hiyo ya pili bado. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu: mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi au chama chao, ikiwemo kwa vigezo gani watu wamechaguliwa. Kama wote kumi na wawili ni wa umri mmoja, swali la vigezo ni la msingi.

Kinachokimbia hapa ni muda. Lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Siku 30 za kalenda, siyo za kazi. Zikipita inabidi kwanza aombe aruhusiwe kuchelewa, na hapo wengi wanakwama. Kufungua ni kujaza fomu tu, hahitaji wakili kuanza. Kama wako kwenye chama cha wafanyakazi, kiongozi wa tawi aambiwe leo hii.

Notisi, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajachukua, kiinua mgongo na cheti cha utumishi ni haki zake kwa sheria. Siyo zawadi ya kusainia kwamba hana madai.

Wale wengine kumi na mmoja unawafahamu? Watafute kabla ya Ijumaa, wakienda pamoja ni rahisi zaidi kuliko mmojammoja. Na barua ya kwanza ina tarehe gani, ya Jumatatu au wameirudisha nyuma?

#16 Mwana_Uyole

Ngoja niangalie.

Wameirudisha nyuma. Imeandikwa tarehe ya wiki tatu zilizopita.

#17 Kabwe_Kwetu

Basi siku zake wanazihesabu tangu hapo. Alipoipokea aliandika tarehe pembeni ya saini? Piga picha kurasa zote mbili sasa hivi, mbele na nyuma, uje nazo kesho saa mbili asubuhi, nafungua mapema. Tukitoka hapo mnaenda moja kwa moja CMA.